Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: RA, madaktari wasioijua, na sisi wagonjwa wa Mwanza

Mimi ni mgonjwa wa RA (rheumatoid arthritis, ugonjwa wa viungo), naishi Mwanza, sio daktari. Haya maswali naulizwa sana, kliniki tukiwa kwenye foleni, sokoni, kwenye simu usiku, na wengi wanaouliza wameshazunguka hospitali mpaka wamechoka na hela imeisha. Nimejibu ninavyojua baada ya kuishi na huu ugonjwa na kuusoma, ila dawa na dozi yako utapanga na daktari wako. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye lile swali la kuingia kwa daktari.

RA ni nini, ndo ile baridi yabisi?

Ndiyo, wengi wanaiita hivyo, ingawa mtaani jina hilo linapewa kila maumivu ya viungo, ya bibi wa magoti, ya mama aliyetoka kujifungua, ya mvuvi anayelala ziwani. RA yenyewe ni hivi: kinga ya mwili inageuka na kushambulia ule utando laini ulio ndani ya viungo, utando unavimba, unanenepa, na ukiachwa unakula gegedu na mfupa. Ugonjwa unapenda viungo vidogo, vile vifundo vinavyochomoza ukikunja ngumi, vya katikati ya vidole, vifundo vya mikono, na sehemu ya mbele ya nyayo chini ya vidole, na kwa kawaida ni pande zote mbili. Asubuhi unaamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, kuna watu mpaka saa nne mkono haujafunguka kushika kikombe. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu kama milioni 18 duniani walikuwa nao na karibu asilimia 70 ni wanawake. Na haukai kwenye viungo tu, unapunguza damu, unakausha macho, unaweza kugusa mapafu, na wagonjwa wa RA wana hatari ya magonjwa ya moyo zaidi ya watu wengine kwa karibu nusu, jambo ambalo huku sijasikia mgonjwa hata mmoja ameambiwa.

Kwa nini daktari anaiona mikono imevimba na bado haioni RA?

Hili ndo linaniuma kuliko yote manake ndo limetuharibia vidole wengi wetu. Sababu zipo kadhaa na nitazisema zote, hata zile za kumtetea daktari.

Angalia kwanza nani anakupokea. Safari ya mgonjwa huku inaanzia duka la dawa, afu zahanati, afu kituo cha afya, na kote huko unakutana na mtu aliyefundishwa vizuri malaria, nimonia, kuhara, uzazi, TB na ukimwi, kwa sababu ndo vinaua watu haraka, hilo halina ubishi. Magonjwa ya viungo chuoni wanayapita juu juu, na hata mwenye digrii anaweza kumaliza mafunzo bila kushika mkono wa mgonjwa wa RA aliye kwenye miezi ya mwanzo, anayemkumbuka ni yule wa kwenye picha ya kitabu, vidole vimeshalala upande. Kwa hiyo bila kujua anasubiri vidole vipinde ndo aamini. Kwa mtazamo wangu kosa kubwa liko hapo, ugonjwa umefundishwa kwa sura yake ya mwisho.

Afu mabingwa wa rumatolojia, yaani magonjwa haya ya viungo, nchi nzima ni wachache mno, daktari wa wilaya akipata mashaka hana wa kumpigia simu. Na kuna foleni, watu wamejaa mpaka nje kwenye mabenchi, unapewa dakika chache, daktari anaandika huku anauliza, hajakuambia uvue viatu, hajakubonyeza kidole hata kimoja. Kuna dada mmoja wa Igoma alitibiwa kwa miezi na hospitali tofauti tofauti, nilipomuuliza nani alishawahi kumgusa vidole akafikiri sana akasema hakuna, wote waliangalia karatasi za maabara. RA ya mwanzo inapatikana kwa kugusa, ule uvimbe ni laini unabonyea, hauonekani kwa mtu aliye upande wa pili wa meza.

Ugonjwa wenyewe pia unachangia, unapanda na kushuka, siku ya kliniki unaweza kuamka nafuu. Na wengi tunameza diklofenaki alfajiri ili tuweze kupanda daladala, tukifika saa tano uvimbe umeshuka na daktari anaona mtu mzima anayetembea vizuri.

Na sababu ya mwisho ni kwamba wengi wetu ni wanawake, na mwanamke akisema anaumwa mwili mzima na amechoka anaambiwa ana mawazo, apunguze kazi, apumzike, avae soksi. Nimeshasikia hii kutoka kwa mabinti wa miaka 24 na kina mayu wa miaka 60, maneno yaleyale.

Nimeambiwa brusela, afu taifodi, sasa hivi yuriki asidi. Nishike lipi?

Kanda yetu ina ng'ombe wengi, watu wanakunywa maziwa mabichi, brusela ipo kweli na daktari hakosei kuifikiria. Shida ni vile vipimo vya haraka, vinatoa chanya hata kwa asiyeumwa, sawa na kipimo cha Widal kwenye taifodi. Mtu anameza doksisaiklini wiki sita, inaisha, vidole bado vimevimba, anapimwa tena, chanya tena, anaanzishiwa upya na pesa inatoka upya. Brusela huja na homa ya kupanda na kushuka, jasho, na hupenda mgongo, nyonga na magoti. Kuvimba vifundo vidogo vya mikono yote miwili kwa miezi bila homa ya maana sio tabia yake.

Gauti, ule ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki asidi, nayo ina njia zake. Inaanza ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kinakuwa chekundu mpaka shuka likikigusa unapiga kelele, afu baada ya siku kadhaa linaisha lenyewe. Inapata zaidi wanaume, na wanawake wengi wanaoipata wameshafunga hedhi. Yuriki asidi kuwa juu kidogo kwenye karatasi peke yake haitoshi kusema una gauti, wapo watu wengi inapanda na hawaumwi kitu, lakini huku ikionekana tu imezidi unaandikiwa alopurinoli na kukatazwa nyama, na kuanzia siku hiyo kila daktari akifungua faili anasoma "gauti" na haulizi tena.

Kuna na vingine vya kufikiriwa. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa nchini kwetu, kusini kule uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, na inaweza kuacha viungo vinauma kwa miezi mingi ikafanana sana na RA. Ukimwi na homa ya ini B pia vinaweza kuleta maumivu ya viungo. Selimundu kanda ya ziwa tunayo nyingi. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, ndo kabisa, inafanana mpaka mabingwa wanahitaji vipimo. Kwa hiyo simlaumu daktari anayepima vyote hivyo, apime. Kinachonikera ni kutibu ugonjwa uleule mara ya tatu bila kukaa chini kujiuliza kwa nini mtu haponi.

Kipimo cha damu cha RF (rheumatoid factor) kimetoka hasi, daktari kasema basi sina RA.

Unaweza kuwa nayo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano wa RA RF yake ni hasi, na mwanzoni mwa ugonjwa wenye hasi ni wengi zaidi. Upande wa pili, chanya nayo haitoshi peke yake, RF inapanda kwenye homa ya ini, TB, maambukizi ya muda mrefu na hata kwa wazee wazima wenye afya. Kipimo kingine kinaitwa anti-CCP, hicho kikiwa chanya kina uzito zaidi, ila hakipatikani kila maabara na bei yake ni kubwa kuliko RF, na kikiwa hasi pia hakifuti ugonjwa. ESR na CRP ni vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, havisemi unatoka wapi. Vigezo vinavyotumika kimataifa tangu 2010 vinahesabu pointi kwa mambo manne: viungo vingapi na vya aina gani, hiyo RF na anti-CCP, ESR na CRP, na kama dalili zimefika wiki sita. Pointi 6 kati ya 10 zinatosha, na mtu mwenye viungo vidogo vingi vilivyovimba anaweza kuzifikisha RF yake ikiwa hasi. Hii mwambie daktari kwa heshima kabisa, sio siri.

Eksirei iko safi, ina maana siumwi?

Hapana. Mwanzoni eksirei huwa safi. Ikishaanza kuonyesha mfupa umeliwa ujue umeshachelewa.

Kwani kuchelewa kunaharibu nini, si maumivu tu?

Maumivu yanatibika, mfupa ulioliwa haurudi. Uharibifu mwingi unatokea ndani ya miaka miwili ya kwanza, na wataalamu wanataka dawa zenyewe zianze ndani ya miezi mitatu tangu dalili zianze, ikizidi sana sita, kwa sababu hapo ndo uwezekano wa kuutuliza kabisa ni mkubwa. Sasa piga hesabu ya miezi hiyo kwetu: mwezi duka la dawa, miezi miwili ya taifodi na brusela, mwezi kwa mganga kwa sababu hospitali hawakuona kitu, miezi ya kutafuta nauli. Dirisha limeshafungwa mtu hajaandikiwa hata dawa moja ya RA.

Na mkono kwetu ndo kazi. Msusi, fundi cherehani, mama anayepaa samaki pale mwaloni Kirumba, mwalimu anayeshika chaki, mkulima wa pamba kule Magu na Kwimba, wote hao wakishindwa kukunja ngumi nyumba inayumba. Najua mama wa Ilemela aliyeacha biashara ya dagaa kwa sababu hawezi tena kufunga gunia, watoto wakahamishiwa kwa shangazi yao, mume akachoka kulipia vipimo vinavyosema "hakuna kitu" akaanza kumuona mwongo. Yaani karatasi ya daktari ikiandikwa hakuna ugonjwa inaingia mpaka ndani ya ndoa. Hili madaktari hawalioni kwa sababu mgonjwa akishatoka mlangoni hawamuoni tena.

Nikiingia kwa daktari niseme nini ili anielewe?

Hapa ndo ningependa usome taratibu.

Usianze na "mwili wote unauma". Ni kweli unauma, lakini hiyo sentensi inampeleka daktari kwenye malaria na mawazo. Anza na viungo na muda: "Dokta, vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba tangu mwezi wa tatu, asubuhi vinakakamaa mpaka saa tatu ndo vinalegea, nikipumzika vinazidi, nikifanya fanya kazi vinalegea kidogo." Hiyo ya kulegea ukifanya kazi ni muhimu sana manake magoti ya uzee yanafanya kinyume, yanauma ukiyatumia.

Piga picha mikono yako siku ikiwa imevimba, asubuhi ukiamka, pande zote mbili zikiwa pamoja kwenye picha moja, na za nyayo. Simu yoyote inatosha. Siku ya kliniki ukiwa nafuu unamuonyesha, na picha ina tarehe. Kwa maoni yangu hii imesaidia watu wengi kuliko kipimo chochote cha maabara, daktari akiona picha anabadilika pale pale.

Kama unaweza kuvumilia, na daktari wako hajakuandikia umeze kila siku, asubuhi ya kliniki usimeze diklofenaki kwanza, ili aone hali ilivyo. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ni tofauti, kama umeitumia muda usiiruke hata siku moja.

Beba karatasi zote na dawa zote ulizotumia, hata zile za mtaani, hata sindano usiyoijua jina mwambie ulichomwa wapi na lini. Mwambie kazi gani mikono imeshindwa, sio kiwango cha maumivu tu: siwezi kufungua kifuniko cha chupa, siwezi kufunga vifungo vya shati la mtoto, siwezi kukamua nguo. Sema kama kwenye ukoo kuna mwenye viungo hivi, na kama unavuta sigara, manake sigara inaongeza hatari.

Afu muulize moja kwa moja: "Dokta, hii inaweza kuwa RA? Na kama sio, ni kitu gani kinachoeleza huu uvimbe wa mikono yote miwili?" Uliza kwa upole, na shikamoo yake kama anastahili, lakini uliza. Kama unaona aibu nenda na mtu, dada yako au kijana wako, mashahidi wawili husikilizwa vizuri zaidi ya mgonjwa mmoja aliyechoka.

Akikwambia ni uzee na una miaka 35, au hata 60, muombe akubonyeze vidole kwanza.

Naruhusiwa kuomba rufaa? Niende wapi?

Unaruhusiwa, na sio kumtukana daktari. Njia ya kawaida ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa Sekou Toure, halafu Bugando ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa na ya kufundishia. Unayemtafuta ni bingwa wa magonjwa ya ndani. Usikae kusubiri mpaka upate mtu mwenye cheo cha rumatolojia, bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kutambua RA na kuanzisha dawa. Ukipelekwa kwa bingwa wa mifupa sio vibaya, lakini kazi yake zaidi ni upasuaji, muombe akuelekeze magonjwa ya ndani. Watu wa Ukerewe na Sengerema najua safari ni gharama, kwa hiyo pigeni simu kwanza mjue kliniki ni siku gani. Hela ikikwama kabisa uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, hospitali za serikali wana utaratibu wa msamaha kwa wasiojiweza, wengi hawaulizi kwa sababu hawajui upo.

Kuna zahanati wananichoma sindano napona kabisa wiki mbili. Kwa nini nisiendelee hiyo hiyo?

Kwa sababu hujapona. Sindano hizo mara nyingi ni steroidi, deksamethazoni au jamaa zake, pengine na diklofenaki juu. Steroidi zina historia kubwa kwenye RA, mwaka 1948 daktari Philip Hench kule Marekani alimpa mgonjwa wa kwanza kotisoni na mtu aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akainuka, na 1950 yeye na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel. Lakini haikuchukua muda wakaona upande wa pili, sukari, presha, uso kuvimba, mifupa kuwa dhaifu, maambukizi, TB iliyolala kuamka. Prednisoloni ina nafasi yake, dozi ndogo, muda mfupi, kukuvusha wakati dawa kuu inasubiriwa kufanya kazi. Ikitumika peke yake mwaka mzima, sawa, utapata nafuu ya maumivu, ila unaweza kuongeza kisukari juu ya RA. Na usiikate ghafla kama umeitumia wiki kadhaa, mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi ya kwake, unaweza kuanguka. Inashushwa polepole na daktari.

Diklofenaki ya kila siku nayo ni tumbo na figo. Haizuii ugonjwa hata kidogo.

Nimeandikiwa methotreksati, muuza dawa kaniambia ni ya kansa, nimeogopa.

Hii imewatoa wagonjwa wengi kwenye tiba, na nawaomba sana wauza famasi mlielewe. Methotreksati kwenye kansa inatumika kwa dozi kubwa sana, kwenye RA ni dozi ndogo, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25 KWA WIKI, na ndo dawa ya kwanza inayochaguliwa karibu dunia nzima. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani.

Sasa sikiliza vizuri. Inamezwa mara moja kwa wiki, siku moja uliyoichagua, labda kila Jumapili, na hiyo siku iandikwe kwenye boksi. Kuimeza kila siku kumeua watu nchi nyingi, mara nyingi kwa sababu aliyeandika au aliyetoa dawa alikosea akaandika kila siku kama dawa nyingine. Ukiona cheti kimeandikwa kila siku rudi umuulize daktari kabla hujameza. Siku nyingine unapewa asidi ya foliki kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Kabla ya kuanza upimwe damu, ini, figo, homa ya ini, na ukimwi pia, na sisi wa kando ya ziwa mwambie daktari kama umewahi kuugua kichocho, manake kile cha matumbo kinagusa ini. Miezi mitatu ya kwanza damu inapimwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, baadaye kila miezi miwili au mitatu. Pombe uiache. Na ukipewa Septrin kwa ugonjwa mwingine wowote sema kwanza unatumia methotreksati, hizo mbili pamoja zinaweza kuangusha damu vibaya.

Haifanyi kazi wiki ya kwanza. Inachukua wiki sita mpaka kumi na mbili, na hapo ndo wengi wanaiacha wakirudi kwenye sindano. Zipo na nyingine, sulfasalazini, leflunomaidi, na haidroksiklorokwini ambayo ukiitumia miaka inabidi macho yapimwe. Zile za kibayolojia, zinazolenga sehemu maalumu ya kinga ya mwili, ni ghali mno na kabla yake lazima TB ipimwe.

Niache nyama, maharage, sangara na dagaa?

Hapana, hayo ni masharti ya gauti na umepewa kwa sababu umeitwa mgonjwa wa gauti. RA haina chakula ilichokatazwa. Samaki ni mzuri, mafuta yake yana msaada kidogo kwenye uvimbe. Nimeona watu wameacha dagaa, maharage na nyama kwa pamoja, wakabaki na ugali na mchicha, damu ikashuka wakati RA yenyewe tayari inaishusha.

Nimefanya kazi ziwani miaka, ni baridi ya maji ndo imenipa?

Baridi inaweza kukuzidishia maumivu siku hiyo, haileti RA. Waliopo jangwani wanaugua pia. Maji ya uvuguvugu asubuhi yanalegeza mikono, tumia kama yanakusaidia, lakini usiache kutafuta tiba kwa sababu umenunua glavu.

Kwa mganga nisiende? Wengine wanasema nimetupiwa kitu.

Sitamcheka mtu aliyeenda, hospitali ilipomwambia hana ugonjwa na yeye hawezi kushika kijiko alitaka aende wapi. Nitasema mawili tu. Dawa za unga za "viungo" zinazofanya kazi siku mbili ziogope, kwenye nchi mbalimbali dawa hizo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na steroidi au diklofenaki, kwa hiyo unameza yaleyale bila kujua dozi. Na mikono iliyopinda ya bibi sio dalili ya uchawi, ni RA iliyokosa dawa. Huku kwetu wazee wetu wa kike wameshauawa kwa tuhuma za uchawi kisa macho mekundu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema neno kuhusu mikono ya bibi yako msimamishe hapo hapo.

Nataka kuzaa, itakuwaje?

Unaweza kuzaa. Wengi wanapata nafuu wakiwa na mimba, afu ugonjwa unarudi kwa nguvu miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na hapo kliniki ya mtoto wanasema ni uchovu wa uzazi au umekandwa vibaya. Kama vidole vimevimba baada ya kujifungua na wiki sita zimepita, dai kupimwa. Methotreksati na leflunomaidi hazitumiki kabisa kwenye mimba, methotreksati huachwa kabla, kwa kawaida mwezi mmoja mpaka mitatu, na leflunomaidi ina utaratibu wake wa kuitoa mwilini. Sulfasalazini na haidroksiklorokwini zinaweza kuendelea. Kuna wanawake wameandikiwa methotreksati bila kuulizwa kama wanatumia uzazi wa mpango. Usipoulizwa, sema mwenyewe.

Familia inasema mimi mvivu.

Uchovu wa RA ni ugonjwa, unatoka kwenye uvimbe ule ule na kwenye upungufu wa damu, hauondoki kwa kulala. Ningependa daktari awaambie hivyo ndugu zako mbele yako, dakika moja tu, kwa sababu maneno yake nyumbani yana nguvu ambayo machozi yako hayana. Muombe.

Wanaume na watoto wanapata?

Wanapata. Wanaume wachache zaidi, na wanacheleweshwa na gauti. Watoto wana aina yao, mtoto anayechechemea asubuhi kwa wiki nyingi asiambiwe anakua.

Mimi ni tabibu wa zahanati, sina maabara ya maana. Nianzie wapi?

Asante kwa kuuliza, na swali hili linanipa moyo kuliko yote. Huhitaji maabara kuanza. Muombe mgonjwa akupe mikono, bana kwa pembeni vile vifundo vinne vya vidole kwa pamoja, kama unavyosalimiana kwa nguvu kidogo, uone kama anaruka. Fanya hivyo na mguu. Mambo matatu yanatosha kumtuma: viungo vitatu au zaidi vimevimba, kubana kunauma, au kukakamaa asubuhi kunazidi nusu saa. Moja likiwepo andika rufaa, mawili usichelewe. Kama kiungo ni kimoja tu, kina moto, na ana homa kali, hiyo ni dharura nyingine, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, aende leo.

Kwenye barua andika ilianza lini, viungo gani, pande zote au moja, asubuhi dakika ngapi, na umeshatibu nini. Na kama umempa prednisoloni ili aweze kusafiri, andika dozi na tarehe uliyoanza, kwa sababu akifika kwa bingwa uvimbe umeshuka, na barua isiposema ataambiwa hana kitu arudi Sengerema.